Kiwanja cha Shela hufunguliwa na bahari

Kila mgeni anayeniuliza mpira wa ufuoni Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, huchezwa siku gani, mimi humjibu kwa swali: leo mwezi ngapi? Siulizi Machi wala Aprili. Nauliza mwezi wa mbinguni una siku ngapi tangu uandame, kwa sababu kiwanja chetu hakina geti, hakina mlinzi wala ratiba iliyobandikwa ukutani. Maji yakitoka, kiwanja kipo. Yakirudi, magoli yang'olewa na kila mtu ashika njia yake.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Langoni, mjini Amu, ndio Lamu, na mpira huu nimeufuata tangu nikiwa wa kushikwa mkono na mjomba wangu. Mjomba alikuwa mvuvi, na hesabu ya maji ilikuwa kichwani mwake kama mwingine anavyozijua nyakati za swala. Asubuhi alikuwa akitoka barazani, atazama mkondo kidogo, kisha asema, "Yeo mwezi tano, mtanga upo," yaani leo mwezi tano, mchanga upo. Sisi watoto tulikuwa tukisikia hivyo tu, mchana mzima hatutulii.

Nieleze hesabu yenyewe, maana bila hiyo mtu atatoka gati ya Mokowe, bara, na boti, afike Shela na hamu zake, akute mawimbi yanapiga pale alipotarajia kuona goli. Bamvua huja mwezi unapoandama na tena unapokuwa mpevu, pale ambapo jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Siku hizo maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa yaweza kufika mita tatu. Mtu akisikia hivyo atadhani bamvua ndiyo siku ya mpira. Lakini bamvua ya kwetu ina tabia yake: maji hupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Saa nne za asubuhi wachezaji wako kazini, na wadogo wako shuleni au chuoni kwa Qur'ani. Hapo ikiwa si Jumamosi au Jumapili, mchanga wote ule mpana hubaki wa ndege na wa kaa.

Baada ya hapo kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Ikifika mwezi tano, sita, saba, na tena mwezi ishirini na siku mbili zinazofuata, kupwa kumeshasogea hadi mchana. Siku hizo ukiswali alasiri ukateremka ufuoni, utakuta mchanga bado umelala, mgumu, na maji yanarudi polepole kwa kuwa yanaelekea kuwa maji mafu, yasiyoenda mbali wala kuja kwa nguvu. Hizo ndizo siku zetu. Ukitaka kuja Lamu kwa ajili ya mpira, usiangalie kalenda ya ukutani kwanza. Uliza mwandamo ulikuwa lini.

Njia sasa. Anzia Mkunguni, mbele ya Ngome iliyomalizika kujengwa mwaka 1821, toka hadi pwani kisha uifuate bahari kuelekea kusini. Utapita Langoni, na hapo hutapita bila kusalimia. Asalamu aleikum, habari za nyumbani, mama hajambo, ndiyo, naelekea Shela, ndiyo, leo upo. Haya si ucheleweshaji. Habari za mechi zote hupatikana hapa: nani kaumia mguu, nani karudi kutoka Mombasa, timu gani imekosa kipa. Ukifika Shela umeshajua nusu ya mchezo. Ukikutana na punda wenye mizigo ya matumbawe au saruji, mpishe, yeye yuko kazini. Ukishaipita hospitali majengo huanza kuachana, upande wa kushoto ni mkondo na ng'ambo yake ni kisiwa cha Manda. Mji mzima wa nyuma yako, ule ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, unaanza kuwa mdogo.

Ni kama kilomita tatu. Mwenye haraka hupanda mashua ya injini gatini na kufika kwa dakika chache, na hakuna ubaya. Mimi huenda kwa miguu na kurudi kwa mashua, kwa sababu wakati wa kurudi maji yameshajaa, giza limeingia, na kina mama wenzangu wana watoto waliolala mabegani.

Shela utaijua kwa mnara wa msikiti wake wa Ijumaa, mweupe, mnene chini na mwembamba juu, wa mwaka 1829. Pita mbele ya mji, pita hoteli za pwani, na pale mkondo unapofunguka kuwa bahari kuu, ufuo unaanza. Unaendelea kilomita kumi na mbili hivi, mchanga mtupu. Usiende mbali. Pale milima ya mchanga inapoanza kuinuka upande wa kulia, tafuta boriti za mkoko zilizosimama mbilimbili na kamba iliyofungwa juu yake. Hapo ndipo.

Kiwanja huchorwa upya kila mara. Kijana mmoja huburuta mti mchangani akirudi kinyumenyume, mwingine humfuata akimwambia nyooka, nyooka. Mstari mmoja wa pembeni uko chini karibu na maji, wa pili uko juu karibu na milima. Na hapa ndipo mpira wa Shela unapotofautiana na mpira wowote mwingine ninaoujua, na ndipo ninapotaka anayekuja atazame kwa makini, asikodolee macho mpira peke yake.

Mchanga wa chini umelowa, ni mgumu, mpira unadunda na kukimbia. Mchanga wa juu ni mkavu, unazama mguu, mpira ukifika hapo hufa. Kwa hiyo timu ina winga mmoja wa mbio na mwingine wa nguvu, na wakigeuza magoli kipindi cha pili wale wawili hubadilishana pande. Yule mwepesi hufuata maji popote yalipo. Kocha anayemwacha winga wake mwepesi abaki juu kwenye mchanga mkavu atasikia maneno kutoka kwa wazee mpaka akome.

Lakini njia ile nzuri ya chini haidumu. Maji yanarudi. Wimbi likigusa mstari, refa hupiga filimbi, mstari husogezwa ndani hatua kadhaa, mchezo unaendelea. Baada ya muda husogezwa tena. Kiwanja kinazidi kuwa chembamba, winga anakosa pa kupita, na mchezo wote unaingia katikati, mabega kwa mabega, mpaka dakika za mwisho wachezaji wote wamebanana kwenye kipande cha mchanga laini ambapo mbio hazimsaidii mtu. Timu yenye vijana wepesi hutaka kufunga mapema. Timu ya watu wazima, wenye vifua na subira, hukaa nyuma ikingojea bahari iwasaidie. Nimeona timu ikiongoza kwa magoli matatu, kisha mstari ukasogezwa mara ya pili, mambo yote yakageuka. Ukiijua bahari utaona mechi mbili katika mechi moja.

Na upepo. Wakati wa kusi, upepo hutoka baharini kusini na kuupeleka mpira upande wa mji wa Shela. Ukishambulia kuelekea mjini una rafiki mgongoni. Kipa wa upande ule hana raha. Ndugu yangu mdogo ni kipa, na kwenye kusi hupiga mpira chini chini kwa kutambaza, kwani ukiupandisha juu unamrudia. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka, na joto huongezeka hivi kwamba wachezaji hukimbilia majini wakati wa mapumziko na kurudi wanatiririka.

Sheria nyingine za kiwanja zinajulikana bila kuandikwa. Mpira ukiingia baharini, timu iliyougusa mwisho ndiyo inayolowa. Punda akikatiza, mchezo husimama, na hakuna anayemfukuza kwa fimbo. Mgeni akitembea katikati ya kiwanja akipiga picha, mchezo pia husimama, na mara nyingi mgeni huyo huishia kuketi nasi. Viatu hakuna. Katika mpira wa ufuoni unaosimamiwa na FIFA wachezaji ni watano kila upande, vipindi ni vitatu vya dakika 12, na kiwanja kina urefu wa mita 35 hadi 37. Kwetu wanakuwa saba au wanane kulingana na waliofika, vipindi ni viwili, na filimbi ya mwisho hupigwa kabla ya Magharibi au maji yakilifikia goli, lolote litakalotangulia. Tunachofanana nao ni nyayo tupu.

Mwaka mmoja alikuja mtoto wa ami yangu anayeishi Chicago. Aliondoka hapa mdogo, amekulia huko, na mapenzi yake yote ni besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Nilijua jina la mchezo huo tu. Nilimchukua Shela nikiwa na wasiwasi kwamba ataona uwanja wetu ni mdogo, kwa kuwa yeye amezoea viti na mataa. Alikaa kimya kipindi kizima cha kwanza. Mstari uliposogezwa kwa mara ya kwanza alisimama kabisa, akauliza, "Dada, wamefanya nini?" Nikamweleza. Akacheka kwa furaha, akasema, "Huu na wa kwetu ni ndugu."

Ndipo akanieleza habari za Wrigley Field, uwanja wa besiboli wa huko Chicago. Ulifunguliwa mwaka 1914, katikati ya mitaa ya watu, si nje ya mji kwenye maegesho ya magari. Watu hushuka treni wakatembea baina ya nyumba, na wengine hawaingii kabisa: hutazama mchezo kutoka mapaa ya nyumba za ng'ambo ya barabara. Ukuta wa nyuma umefunikwa na mmea unaotambaa, uliopandwa mwaka 1937, na mpira ukipigwa ukajificha ndani ya majani yake, kuna sheria ya hapo: mchezaji aliyeufuata huinua mikono juu kuonyesha umekwama, na mpigaji hupewa besi mbili, yaani vituo viwili vya kukimbilia. Upepo wa Ziwa Michigan ukivuma kuingia ndani, mpira uliopigwa kwa nguvu zote hufia angani. Ukivuma kutoka, hata mpigo wa kawaida huvuka ukuta. Kwa hiyo watu hutazama bendera kwanza kabla ya kuketi.

Lililonigusa zaidi ni la taa. Uwanja ule haukuwa na taa mpaka mwaka 1988. Viwanja vingine vikubwa vya nchi ile vilikuwa vinacheza usiku kwa miaka mingi, na wao, kwa miaka zaidi ya 70, nyumbani kwao walicheza mchana tu, jua likiwa ndilo linalosema mchezo umekwisha. Na timu yake, Cubs, ilichukua ubingwa mwaka 1908, kisha ikangojea hadi 2016. Miaka 108. Nilimuuliza watu waliwezaje kwenda uwanjani miaka yote hiyo. Akanijibu kwamba walikwenda kwa sababu uwanja ulikuwa pale pale, mtaani kwao, na mchana ulikuwa mzuri.

Nilimwelewa kabisa.

Kuna jambo jingine alilotuletea. Wapenzi wa besiboli wengine huwa na karatasi na penseli, na kila mpira unaporushwa wao huandika: kapiga, kakosa, kafika besi ya pili, katolewa. Mchezo huo hauendi kwa dakika bali kwa zamu tisa za kila timu, kwa hiyo ukiandika vizuri, mtu anaweza kusoma karatasi yako baada ya miaka na kuiona mechi nzima. Binamu alinunua daftari la shule mjini, akaanza kuandika mechi zetu kwa namna hiyo. Nani alifunga, upande gani, mstari ulikuwa umesogezwa mara ngapi. Wazee walimzunguka. Mmoja alimwambia, "Andika na mwezi." Mwingine, "Tia na upepo." Alipoondoka daftari likabaki kwangu, na tangu hapo mimi ndiye mwandishi. Kila ukurasa una siku ya mwezi, kusi au kaskazi, hali ya maji, majina ya waliocheza na magoli yao. Vijana huja barazani kwetu jioni kubishana juu ya goli la mwaka juzi, na daftari huwaamulia.

Niseme pia tunakaa wapi, kwa sababu dada zangu wengi wa mjini hudhani ule ni mpira wa wanaume na wao hawana nafasi. Sisi hukaa juu, chini ya mlima wa mchanga, mikeka imetandikwa, watoto wanateleza nyuma yetu. Kuna mahamri, bajia, viazi vya karai na ukwaju uliotiwa barafu. Muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe, na wazee upande wa pili humwita kabla hajafika. Kutoka pale juu unaona kiwanja chote, mstari wa maji ukipanda, majahazi yakipita nyuma ya goli. Wanaokaa chini karibu na mstari wako karibu na wachezaji, lakini hawaoni jinsi bahari inavyokuja. Mahali pazuri ni petu. Na kelele za "Teza! Teza!" zinazosikika mpaka majini ni zetu pia.

Tafadhali msipande kwenye migongo ya ile milima wala kung'oa majani yaliyoota. Mvua inayonyesha juu yake hunywewa na mchanga, hujichuja, na kulala chini juu ya maji ya chumvi bila kuchanganyika nayo upesi. Visima vinavyoulisha mji wa Lamu vinategemea maji hayo. Kila nikiona mtu amepima kipande cha mlima kwa vigingi na kamba moyo wangu huchafuka, kwa sababu hapo si mandhari tu yanayouzwa.

Kiwanja chenyewe kina kinga ambayo vijana wetu wote wanapaswa kuijua kwa moyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yasema ardhi yote iliyo kati ya mahali maji yanapojaa na mahali yanapokupwa ni ardhi ya umma. Mchanga tunaouchora mistari ni wetu sote kisheria: wa mvuvi, wa mwanafunzi, wa mgeni aliyeshuka Manda na ndege leo asubuhi. Siku moja mlinzi wa jumba fulani alitoka akawaambia vijana wahamishe magoli yao kwa kuwa wenye nyumba wanasumbuliwa. Hawakugombana naye. Kijana wetu mmoja, aliyemaliza kidato cha nne mwaka huo, alikitaja kifungu kile kwa namba na kwa adabu, akamwonyesha alama ya maji yaliyojaa asubuhi, mwani mkavu uliolala mstari mmoja, akamwambia, "Bwana, sisi tuko chini ya hapa." Mlinzi akatazama, akarudi ndani. Baadaye kidogo alitoka tena, akasimama kutazama mechi mpaka mwisho. Hilo nalo limo daftarini.

Basi, kwa wanaotaka kuja. Mwandamo ukionekana hesabu mpaka tano. Mwezi sita, baada ya alasiri, Langoni wanacheza na Shela, na kama maji yatakuwa kama kawaida yake tutakuwa na mchanga mpana mpaka saa kumi na moja na nusu hivi. Kutoka mjini tunaondoka Mkunguni kwa miguu mara tu watu wakitoka msikitini. Atakayekuwa amechelewa apande mashua, amwambie nahodha "mpirani", atajua pa kumshusha. Njoo na kofia, maji ya kunywa, na nguo usiyoionea uchungu kulowa. Boriti ziko kwa mjomba, kamba ninayo mimi. Filimbi ya refa imeingia maji ya chumvi na hailii vizuri, kwa hiyo mwenye filimbi nzima aje nayo.